Mji Mzima Unainama Kushoto

Kisa hiki Evaristo Quintão anakisimulia mwenyewe, tena bila kuombwa. Mpe kikombe cha kahawa na mikate midogo miwili ya jibini, basi, ameshaanza. Na kila akirudia anajiongezea ujinga kidogo, mpaka mke wake Zuleica anamkatiza: "Hee, hapo unajipendelea. Ulikuwa mjinga, lakini si kwa kiasi hicho." Naye hujibu kwamba kiasi anakijua yeye, maana ndiye aliyekuwa mjinga mwenyewe.

Evaristo ni daktari wa viungo. Si wa kupasua wala wa sindano; ni wa kunyoosha migongo, kukanda mabega na kuwafundisha wazee kuinuka kitini bila kumwita Mama Bikira. Alitoka Uberaba, nchi tambarare, akamfuata Zuleica huku kwetu Santa Efigênia da Ladeira, milimani, ambako ukidondosha chungwa sokoni utaliokota mtoni. Wakapanga chumba cha mbele cha nyumba kuukuu nyuma ya kanisa, wakabandika kibao, Zuleica akakaa mapokezi. Miaka sita alitutibu kwa mikono na macho yake, na tulipona au hatukupona, kama watu wa kwingine kote.

Kisha akaleta kompyuta.

Programu yenyewe haina makuu. Mgonjwa anavua nguo, anabaki na kaptula ya kuogelea, daktari anambandika vijipira vyeupe vyepesi penye mifupa: mabegani, nyongani, magotini, vifundoni. Anapigwa picha. Daktari anabonyeza kila kijipira kwenye skrini, na mashine inamwambia bega hili limeshuka kiasi gani, nyonga ile imepanda kiasi gani, na mwili mzima umeinama digrii ngapi. Ila kwanza mashine lazima ionyeshwe wima ni upi, maana yenyewe haijui juu wala chini. Kwa hiyo unaning'iniza timazi kando ya mgonjwa, uzi wenye kipande cha risasi chini, kama ule wa waashi, na kwenye picha unabonyeza pointi mbili juu ya uzi huo. Mashine inashika: aa, kumbe huu ndio wima. Mengine yote inayapima kwa huo.

Timazi ilidumu wiki tatu. Bibi Filomena wa duka la vitambaa ilimnasa nywele, ikabidi akatwe shungi. Fundi redio iligonga jino lake la mbele. Wiki ya nne uzi ukakatika, risasi ikaviringika mpaka uvunguni mwa kabati, na Evaristo, daktari wa migongo, akaona uvivu kuinama. Akaitazama picha ya mgonjwa wa siku hiyo. Nyuma ya mgonjwa kulikuwa na mlango. Mlango una fremu, fremu ina ukingo, ukingo umenyooka. Akabonyeza pointi mbili kwenye ukingo wa fremu, akaendelea na kazi.

"Mlango!" husema akifika hapa, akijipiga kofi la paji la uso. "Nyumba ina miaka mia mbili na arobaini, kuta za fito na udongo, imejengwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaupanda kwa kufikiri. Kitanda changu mwenyewe nimekitilia vibao miguu miwili nisije nikaviringikia ukutani. Halafu mimi huyu nikaamini mlango!"

Huku kwetu hakuna mlango uliosimama sawasawa. Hilo kila mtu analijua, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Basi wagonjwa wakaanza kuinama kushoto. Wa kwanza digrii mbili na nusu. Wa pili mbili na robo. Wa tatu karibu tatu. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Evaristo alivimba kichwa. Akakaa na daftari, akafikiri, akapata nadharia: sisi watu wa Ladeira tunapanda kutoka sokoni na vikapu mkono uleule, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwili umezoea kulala upande mmoja. Akaipa jina refu, akaipeleka kwa maprofesa wa mkutano mkuu wa wataalamu wa viungo kule Belo Horizonte. Nao, wasiojua mlango wake, wakamjibu kwamba wamefurahi sana, wamempa dakika ishirini katika ukumbi mkubwa. Akashona koti jipya.

"Watu sitini na moja, wote upande mmoja?" Zuleica akamwuliza. "Sisi hata kwenye uchaguzi hatujawahi kukubaliana hivyo."

"Ni sayansi, mke wangu."

"Sayansi gani? Hata padri anainama kushoto?"

"Padri ndiye anayeongoza."

Na angeishia kupima, ingekuwa afadhali. Alitutibu. Kikapu kihamie mkono wa kulia. Kulala, ubavu wa kulia. Kila asubuhi simama ukutani, sukuma nyonga kulia mara thelathini. Tukasukuma, mji mzima, kwa bidii. Baada ya miezi miwili akatupima tena, na lo! Namba zimeshuka. Kwa maneno mengine alituchukua tuliokuwa tumesimama wima, akatupinda kulia, mpaka tukalingana na mlango wake. Mwezi wa Juni viuno vilikuwa vinatuuma kama tuliolala juu ya mawe, naye anatuambia, jamani vumilieni, maumivu ndiyo dalili ya kunyooka. Nasi tukamshukuru, tukampelekea jamu ya mapera. Hapo sijui nani wa kuchekwa zaidi, yeye au sisi.

Angemgeuza hata mgonjwa mmoja tu akampiga picha mgongoni, angemwona yuleyule wa kushoto sasa anainama kulia, na mchezo ungeisha siku ileile. Lakini watu wetu, wakiwa nusu uchi, hawageuzi mgongo kwa mtu yeyote.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja Mzee Anésio Brandão.

Mzee Anésio ni mwashi. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na miwili, na nusu ya lipu ya mji huu ni ya mkono wake. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka paa la duka la mikate, nyonga ikavunjika, ikaungwa, na tangu hapo alikuwa akikaa kwa dada yake Celina akichambua maharage.

"Maharage, daktari," alimwambia Evaristo, akimnyooshea viganja. "Mikono hii. Natafuta vijiwe kwenye maharage, tena dada ananikagua."

Alichokitaka alikisema palepale, bila kuzunguka. Mnara wa kanisa ulikuwa unakwenda kukarabatiwa, kazi inaanza Jumatatu ijayo, na mkandarasi alikuwa tayari kumchukua kwa sharti moja: alete barua ya mtaalamu kwamba mwili wake umenyooka na anaweza kusimama kwenye jukwaa, mita thelathini juu. Bila barua, abaki chini. Na abaki chini maana yake maharage, mpaka kaburini.

Evaristo akambandika vijipira, akampiga picha, akabonyeza. Mashine ikasema: sifuri.

Akabonyeza upya. Sifuri na kitu kidogo kisichohesabika. Evaristo aliruka kitini. Huyu hapa! Mtu mmoja aliyenyooka katika mji uliopinda! Na tena mwashi, mtu aliyeshinda maisha yake yote na timazi mkononi mpaka mwili ukajifunza wima. Ukumbi wa Belo Horizonte ungesimama kupiga makofi. Aliyaandika hayo hivyohivyo, na kalamu haikumsuta.

Ni kweli kwamba mzee alipokuwa anavaa, shati lake lilining'inia zaidi upande wa kulia. Ni kweli pia kwamba Evaristo aliliona. Macho yake ya miaka sita yalimnong'oneza kitu, naye akayaambia yanyamaze, mashine imeshasema.

"Njoo Alhamisi uchukue barua yako, fundi," akasema. "Na unipe ruhusa niionyeshe picha yako kwenye mkutano Jumamosi."

Alhamisi asubuhi mzee akaja, amenyoa ndevu, amevaa shati la misa. Zuleica akampa kahawa. Barua ilikuwa mezani, ina mhuri na sahihi: nimempima Bwana Anésio Brandão kwa kompyuta, mwili wake umesimama wima, anafaa kwa kazi za juu. Mzee akaisoma polepole, akaisoma tena, akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani.

"Jumatatu niko juu," akasema. "Celina atafute mtu mwingine wa maharage yake."

"Ngoja kwanza ujione," Evaristo akasema, akamgeuzia skrini.

Mzee Anésio alikuwa pale na kaptula yake na vijipira vyake, kifua mbele, na katikati yake umepita mstari mwekundu, kutoka puani mpaka kati ya visigino, haumwachi hata kidogo. Pembeni yake Evaristo alikuwa amembandika Bibi Filomena, ameinama kushoto, maskini.

"Huu mstari mwekundu ni nini?"

"Ndio wima wenyewe, fundi."

"Umeupata wapi?"

"Kwenye mlango."

"Mlango upi?"

"Huo hapo nyuma yako. Ndiko ninakowasimamisha wote."

Mzee hakugeuka. Alibaki akiitazama picha, mkono mmoja juu ya mfuko wa shati, kwa muda mrefu. Evaristo akadhani mzee amejipenda, akamwacha afaidi. Mwisho mzee akashusha pumzi, akageuka, akafumba jicho moja, akautazama mlango kuanzia juu mpaka chini.

"Binti," akamwambia Zuleica, "una uzi hapo?"

Zuleica akatoa uzi wa kushonea kwenye droo. Mzee akaufunga kwenye fungu la funguo zake, akapanda juu ya stuli, akaushikilia penye pembe ya fremu. Funguo zikayumba, zikatulia. Chini, uzi ulikuwa umeachana na ukingo wa mlango kabisa. Akamwita Evaristo aje kutia vidole kwenye ule uwazi. Viliingia vinne, na nafasi ikabaki.

"Daktari," akasema, "mlango wako umelala."

"Umelala vipi?"

"Umelala. Juu umekwenda kulia, kwa aliyeupa mgongo kama unavyotusimamisha. Aliyeujenga hana kosa, ni ardhi imeondoka chini yake. Mlango huu haujasimama tangu babu yangu hajazaliwa."

Evaristo akachukua karatasi, akapiga hesabu. Urefu wa mlango, vidole vinne na nafasi. Jibu likaja: digrii mbili na nusu. Akapiga tena kwa njia nyingine. Mbili na nusu. Akakaa sakafuni, maana kiti kilikuwa mbali.

Zuleica alilaza kichwa mezani akacheka mpaka akakosa pumzi. "Mji mzima umesimama! Mji mzima umesimama jamani, ni sisi na mlango wetu tu!"

"Nimempinda padri," Evaristo akasema.

"Umempinda padri!"

"Sitini na moja, Zuleica. Nimewachukua watu wazima, wanatembea vizuri, nimewapinda kwa mikono yangu. Na nikawaambia wavumilie! Na lile koti! Nitasema nini kule? Mabwana na mabibi, nimegundua ugonjwa wa mlango? Watanicheka mpaka Bahia."

Aliendelea hivyo robo saa nzima. Anakiri mwenyewe: robo saa, akiomboleza dakika zake ishirini, akijitukana kwa majina ya wanyama wote wa shambani, na kwa siri akiona raha kidogo kwa jinsi anavyojitukana vizuri. Aliyenyamaza kwanza ni Zuleica. Alikuwa amemtazama mzee. Mzee alikuwa amesimama palepale, funguo mkononi, wala hacheki.

"Evaristo," akasema. "Hebu nyamaza kidogo."

"Acha nijiseme, nimestahili!"

"Nyamaza, nimesema."

Akanyamaza. Mzee Anésio akakohoa.

"Sasa mimi je, daktari?"

"Wewe nini, fundi? Wewe ndiye peke yako..." Evaristo akaanza.

"Wenzangu wote wamesimama," mzee akasema, "ila mlango ndio umelala. Mimi nimelingana na mlango."

Evaristo akaliona lile shati lililoning'inia kulia, akaona aibu ambayo hakuwa na mzaha wa kuifunika.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilipouona ule mstari. Nilijua kabla sijaomba uzi."

"Barua iko mfukoni mwako, mzee!" Zuleica akasema, sauti imempanda. "Si ungekwenda zako tu? Nani angejua?"

Mzee akakasirika. "Niende vipi? Mimi ni mwashi! Mtu ananionyesha mlango uliolala ananiambia huu ndio wima, nami nimwitikie ndiyo?" Kisha hasira ikamtoka. "Na kule juu, binti, sitakuwa na mlango wenu nyuma yangu."

Akaitoa barua, akaikunjua, akaiweka mezani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja kama anayepiga lipu. Evaristo anasema wazo lilimjia. Mzee achukue barua yake, yeye achukue koti lake, kila mtu ashike njia. Anasema liliingia bila hata kuvua viatu, likakaa dakika nzima, na angependa kutuambia lilikuwa fupi zaidi.

Halafu akapiga magoti, akatia mkono uvunguni mwa kabati mpaka begani, akatoka na risasi yenye buibui. Akafunga uzi, akaitundika darini. "Vua shati, fundi," akasema. Akambandika vijipira upya, kimoja kimoja, na safari hii kila mfupa aliupapasa kwanza kwa vidole. Akapiga picha. Akabonyeza pointi mbili juu ya uzi.

"Mbili na nukta sita," akasoma. "Kulia."

"Nyonga itarudi sawa?" mzee akauliza.

Kwa miezi yote ile Evaristo alikuwa na jibu la kila mtu. Alimwangalia mzee usoni, akasema, "Sijui, fundi. Nyonga iliungwa vibaya kidogo, na mwili umejipanga juu yake. Mingine hurudi. Nitajaribu kwa mikono, kila siku, lakini sijui."

"Kufikia Jumatatu?"

"Jumatatu hapana."

Mzee akavaa shati lake, akafunga vifungo vyote, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Jumamosi Evaristo hakuonekana Belo Horizonte. Aliwaandikia maprofesa mistari mitatu kwamba utafiti umekufa na aliyeuua ni fremu. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, kilima juu kilima chini, sitini na moja, akiomba radhi mlangoni: kikapu rudisheni mkono mnaotaka, laleni mnavyotaka, acheni kusukuma. Bibi Filomena alimfukuza na ufagio. Padri alimsamehe, ila alimwambia asimame wima anapotubu, kama anaweza. Mpaka leo tukimwona tunampisha tukiwa tumeinama, wote, upande mmoja.

Hapo ndipo Evaristo huishia, watu wanacheka, anaongezwa kahawa. Ya Jumatatu hasimulii. Hayo tuliyapata kwa Zuleica.

Jumatatu saa moja kamili asubuhi, mafundi wanagonga mbao za jukwaa kule mnarani, Evaristo alifungua kliniki akamkuta Mzee Anésio nje, amesimama. Amevaa nguo za kazi, zile zenye chokaa, viatu vya kazi, kofia. Mkononi ana chakula cha mchana kimefungwa kwenye kitambaa, bado cha moto.

"Karibu, fundi," Evaristo akasema. "Ila mazoezi yetu ni nusu saa tu."

"Najua."

"Na hicho chakula?"

Mzee akatazama barabarani kwanza, huku na huku.

"Celina amenifungia," akasema. "Aliamka mapema akapika. Bado sijamwambia."

Evaristo alibaki ameshika kitasa. Akageuka ndani, akamwambia Zuleica awapigie simu wagonjwa wa siku hiyo waje kesho. Kisha akampisha mzee mlangoni.

"Kule juu wanatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi na sisi tutatoka saa kumi na moja," Evaristo akasema, akachukua kile chakula akakiweka mahali pasipo jua.